Fungu la Luhiano

4 Novemba

Mvua ya kwanza ya msimu. Paa la ofisi ya kijiji linavuja mahali pamoja tu, juu ya kiti changu. Nimehamisha kiti, na tone limehama nacho. Naanza shajara hii kwa hasira, basi na iwe hivyo.

Baraza la wazee limenipa kazi. Kuna orodha mbili. Ya kwanza ni ya mafungu ya samaki, ambayo mjomba Pelenato huisoma kwa sauti siku ya mgao. Ya pili ni ya kikosi cha kazi cha wanaume: nyumba ya kila mtu, kazi yake, boti yake, mkono anaotumia, na mahali alipo. Hazikubaliani. Mwezi uliopita nyumba moja ilipata mara mbili, na Alapati akala shelisheli kavu, akaja kunitukana mimi karani, kana kwamba samaki wake nimewala mimi. "Ziunganishe," wazee wameniambia. "Si wewe uliyesoma Auckland?"

Nilisoma takwimu, na lugha ya kompyuta tuliyofundishwa ni R, iliyozaliwa huko huko Auckland, na walimu wetu waliringa nayo kama mtoto wao. Kwa lugha hiyo, kuunganisha orodha zenye majina ni kazi ya mstari mmoja. Jina lililo katika orodha moja tu linabaki lilivyo. Jina lililo katika zote mbili linachukua maelezo ya orodha mpya, na ya zamani yanafunikwa. Na ukiandika kwamba jina fulani halina kitu, jina lenyewe linaondoka, kana kwamba halikuwahi kuandikwa.

Nilipendekeza kila mtu apewe namba. Mzee Kailua akanitazama kwa huruma. "Meleka, mtu si kopo la nyama." Tena kwetu watu wawili walio hai hawabebi jina moja. Jina hungoja mpaka mwenyewe azikwe ndipo apewe mwingine. Basi majina yatatosha, wakasema, nami nikakubali ili kikao kiishe.

Kaka yangu Luhiano ana wiki tatu baharini. Alitoka asubuhi kuvua jodari, mafuta yapo, maji shwari. Ndege ya kutafuta ilizunguka, kisha ikarudi New Zealand. Nimeliandika hili mwisho kwa sababu sikutaka kuanza nalo.

7 Novemba

Mvua. Nimeunganisha. Programu haikulalamika.

9 Novemba

Siku ya mgao. Samaki wote walilazwa kwenye changarawe, fungu moja kwa kila jina, na Mjomba akaanza kuita kutoka kwenye karatasi yangu. Kila jina likiitwa, mtoto wa nyumba ile anakuja na pakacha na kuchukua. Alipofika kwa Luhiano alisita. Sikuwa nimelitoa. Lilikuwamo katika orodha zote mbili, hakuna aliyeniambia nilitoe, na mashine haina macho ya kuona nani hayupo.

"Luhiano," Mjomba akasema, chini chini.

Mama akainuka. "Weka hapo. Nalichukua mimi."

Nyuma yangu mwanamke mmoja akanong'ona, "Asiyekuwepo na lake halipo."

Mama hakugeuka. "La mwanangu lipo," alisema, akaweka samaki kwenye pakacha mmoja mmoja.

Nyumbani alimpika samaki mmoja kwa tui, akaweka sahani mbele ya mkeka wa Luhiano, akaifunika, akakaa kando na ususi wake. Baadaye akafunua, akagusa ukingo wa sahani kwa mgongo wa kidole. "Amekula," alisema. Kisha akamla yeye mwenyewe, maana kwetu samaki hatupwi.

"Mama, samaki alikuwa mzima. Hata jicho."

"Wewe unatazama samaki. Mimi naangalia sahani."

16 Novemba

Mgao. Mama: amekula.

24 Novemba

Mgao. Amekula. Watu wameanza kutazama chini jina linapoitwa. Nina aibu, tena nina aibu ya kuona aibu.

1 Desemba

Wifi yangu Hina, mke wa Luhiano, alikuja ofisini kukaa penye feni. Ujauzito wake umekuwa mzito na miguu imevimba. Nikamwuliza kama na yeye anaamini habari za sahani.

"Mimi naamini kitanda," alisema. "Kila asubuhi nageuka, na kila asubuhi ni kipana."

Zamani nilimwona Hina kuwa mwanamke wa vicheko tu. Nilikosea.

12 Desemba

Ibada ya kumuaga Luhiano. Kanisa lilijaa. Mchungaji alisema bahari nayo ni kaburi. Hina alilia mpaka wakamtoa nje. Mama alibaki nyumbani anasuka mkeka, na mvua ilinyesha juu yetu sote bila ubaguzi.

Baada ya chakula baraza liliniita: jina litolewe. Mjomba Pelenato akasema desturi inataka neno la mzazi, na Mama ni dada yake, atamwuliza mwenyewe. Alikwenda. Alirudi na shelisheli mbili alizopewa.

"Amesema nini?" wakamwuliza.

"Amesema nile kwanza, nimekonda."

20 Desemba

Meli ya mizigo kutoka Apia haikuja. Unga umekwisha, sukari imekwisha, subira inakwisha.

29 Desemba

Kimbunga kilipita kusini kwetu tangu alfajiri. Hakikutugusa, ila kilivuta hewa yote. Maji ya ndani ya mwamba unaozunguka kisiwa yaligeuka rangi ya chai. Tulifunga madirisha kwa mbao, tukakaa sote nyumbani kwa Mama, Hina akiwa amelala ubavu, Mjomba akitusimulia vimbunga vya zamani ambavyo kila mwaka vinaongezeka ukubwa.

Kulikuwa na fungu la jana. Mama alilipika asubuhi, akaweka sahani mahali pake. Ilikaa hapo saa nyingi, mbele ya macho yetu sote, kwenye baridi ile ya upepo iliyotufanya tujifunike mashuka. Alasiri Mama akafunua. Kidole chake kikabaki pale pale.

"Leo amepewa kitu cha moto," alisema. "Ana njaa ya mgonjwa. Anakula haraka, ataumwa tumbo."

Mjomba akacheka kidogo, kicheko cha kusaidia. Nilichoka. Nikainuka ili nimwonyeshe mara moja na iwe basi, nikashika sahani kwa mikono miwili.

Ilikuwa ya moto. Si uvuguvugu. Samaki alikuwa baridi, tui limeganda juu yake jeupe, lakini sahani iliyombeba iliniunguza viganja.

Niliiweka chini. Mama alinitazama, wala hakunicheka, na hilo ndilo lililonitisha zaidi.

8 Januari

Hina amejifungua mtoto wa kiume. Nesi anasema wote wazima.

Nilifika na supu nikakuta vita. Vita vya sauti ya chini, kwa sababu ya mtoto.

"Ataitwa Luhiano," Hina alikuwa anasema.

"Jina hilo lina mtu," akajibu Mama.

"Mama, tumeshamuaga. Mchungaji amemaliza."

"Mmemzika wapi? Nionyeshe kaburi nipeleke maua."

Hina alimvuta mtoto karibu. "Nataka kuliita jina hilo nyumbani mwangu na mtu aitike. Ni hilo tu, Mama. Sina kingine ninachotaka."

"Na huko aliko, yeye akiitwa, aitike nani?"

Nilimimina supu. Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, wanasema, lakini chumba kile kilikuwa na wazazi wawili, na kila mmoja alikuwa na wake. Sikujua nisimame upande gani, basi nilikaa katikati kama mjinga na bakuli zangu.

14 Januari

Ubatizo. Hina ameshinda, au baraza limechoka. Mama alikuja, akakaa benchi la mwisho. Mchungaji alipolitamka jina juu ya maji, Mama alijibu kwa sauti yake ya kila siku, ile ya kumjibu jirani mlangoni: "Hayupo, amekwenda kuvua."

Mtoto hakulia. Watu walikohoa.

17 Januari

Nesi alinipa orodha ya waliozaliwa, nikaiunganisha na ile kubwa, nikachapa, nikabandika ukutani nje ya ofisi kwa ajili ya mgao wa kesho kutwa. Sikusoma. Laiti ningalisoma.

Hina alikuja anatoka kliniki, mtoto begani. Nilimsikia anasoma kwa sauti, kisha akakoma. Nikatoka.

Karatasi ilisema: Luhiano. Nyumba: ya Hina. Amezaliwa: 8 Januari. Kazi: mshika usukani. Boti: ya kijani. Mkono: kushoto. Mahali: baharini.

Nilielewa papo hapo. Orodha iliyo ndani ya jina nayo huunganishwa vivyo hivyo. Nesi aliandika mambo mawili tu, nyumba na kuzaliwa, nyumba ikafunika ya zamani, na kuzaliwa kukaongezeka. Mengine hayakukutana na kitu cha kuyafunika, yakabaki pale pale chini ya jina.

"Wifi," Hina alisema. "Mwanangu yuko baharini?"

"Ni kompyuta tu. Ni mabaki."

"Mabaki ya nani?"

Akanisogelea. "Mtoto halali, wifi. Boti zikitoka anaamka, anageuza shingo kule kwenye mwamba. Ana siku tisa, shingo ameipata wapi? Ananishika kwa mkono wa kushoto tu. Na tangu jana ana homa. Mbusu."

Nilimbusu kipaji cha uso. Kilikuwa na chumvi. Jasho la homa lina chumvi, kila mtu anajua. Lakini homa hailoweshi nywele za mtoto zikawa nzito na ngumu, kama za mtu aliyetoka kupiga mbizi akakauka kwa upepo.

19 Januari

Naandika taratibu ili niandike sawasawa.

Mtoto alikuwa na homa usiku kucha. Nesi alimpa dawa, homa ikashuka, ikapanda. Hina alikuja ofisini asubuhi na mvua ikimtiririka, akasimama mlangoni, hakutaka kuketi.

"Mtoe," alisema.

"Nimtoe nani?"

"Kaka yako. Amtoke mwanangu."

Nilimweleza kwamba maandishi hayampi mtu homa. Nilieleza vizuri, kwa mifano, nami najua kueleza. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Basi kama hayana kitu," alisema, "kuyafuta kunakugharimu nini?"

Nilikuwa na jibu. Desturi inataka neno la mzazi. Mama alikuwa nyumbani, hatua chache tu kutoka ofisini, ningeweza kumwita kwa sauti na angesikia. Sikumwita. Niliogopa atakachosema, na mtoto alikuwa anahema haraka haraka kama kifaranga.

Niliandika orodha fupi ya kuunganisha. Luhiano: kazi, hakuna. Boti, hakuna. Mkono, hakuna. Mahali, hakuna. Mkono wangu ulikuwa mwepesi kwa tatu za kwanza. Kwa "mahali" nilisimama. Alipokuwa baharini angalau alikuwa mahali. Hina aliweka kiganja chake chenye maji begani kwangu, na nikabonyeza.

Yakaondoka. Ikabaki nyumba ya Hina na siku ya kuzaliwa. Nilikuwa nimeweka nakala ya faili la zamani, kama tulivyofundishwa, lakini jina lilikuwa la mtoto sasa, lote.

Alasiri homa ilishuka na haikupanda tena. Hina alituma watoto waniletee keki. Siwezi kusema sikufurahi.

Jioni ya mgao Mjomba aliita Luhiano, na kwa mara ya kwanza ni Hina aliyeinuka. Mama naye alikuwa amekwisha inuka. Walitazamana. Mama akaketi. Mjomba alimpa samaki wawili kutoka fungu lake mwenyewe, kimya kimya, naye akawapika na kuweka sahani mahali pale pale.

Alifunua. Akagusa. Akagusa tena upande wa pili.

"Hakula," alisema. Kisha akanigeukia. "Kuna mtu amemfanyia kitu?"

Nilisema sijui, Mama.

27 Januari

Mgao. Hakula.

5 Februari

Hakula. Mtoto amenenepa. Ukiita "Luhiano" popote ndani ya nyumba anageuza macho moja kwa moja kwa aliyemwita, na nesi anasema umri huo bado.

13 Februari

Hakula. Mama hanilaumu, hajui cha kunilaumia, na ananiwekea mnofu wa tumbo kila mlo.

21 Februari

Hakula. Leo nilikwenda kuikagua sahani mwenyewe asipokuwepo. Nilitumaini iniunguze.

4 Machi

Simu ya ofisini ililia nikiwa napanga vocha. Hospitali, mji wa Suva. Walikuwa na mtu aliyeteremshwa na meli ya wavuvi wa mbali. Walimwokota baharini mwishoni mwa Desemba, siku ya kimbunga, na nahodha hakutaka kukatiza msimu wake, akamweka melini mpaka ghala la samaki lilipojaa. Hajui yeye ni nani. Lakini mpishi wa meli ile, mtu wa visiwa vya Tuvalu, aliandika ukutani jikoni jina na kisiwa alivyotajiwa siku za mwanzo.

Walinipa mpishi kwenye simu, maana ndiye aliyemsindikiza hospitalini. Sauti ya mtu mnene, mpole.

"Dada, nilimpa uji wa moto, akaula kwa pupa mpaka tumbo likamsumbua. Alikuwa mtu wa maneno mengi. Kila asubuhi, Luhiano, njoo ule, naye anakuja na utani wake. Kisha siku moja nikamwita, akageuka kutazama nyuma yake. Kumwona anayeitwa. Nikamwita tena. Akaniambia, kaka, huyo hayupo hapa."

"Siku gani?" nilimwuliza. Nilijua.

"Naikumbuka, maana ndiyo siku niliyozaliwa. Tarehe kumi na tisa, Januari. Asubuhi."

Nilimwita Mama. Alikuja akiwa na unga mikononi, Hina nyuma yake na mtoto. Wakampa simu yule mtu huko Suva.

"Luhiano," Mama alisema. "Mwanangu."

Sauti ilikuwa yake. Ilisema kwa adabu, "Samahani, mama. Huyo ni nani?"

Nyuma yetu, kifuani kwa Hina, mtoto alikuwa ameitikia.

5 Machi

Nilimwambia Mama kila kitu. Sikupamba. Alisikiliza anakuna nazi, na hakuacha kukuna.

Kisha nikamwambia nakala ninayo. Nikiunganisha upya, faili la zamani likiwa la pili, linafunika. Kazi, boti, mkono, nyumba, vyote vinarudi. Niliwasha kompyuta palepale, nikaandika mstari. Ulibaki ufunguo mmoja wa kubonyeza.

Hina alikuwa kizingitini. Hakupiga kelele. "Ni mume wangu, wifi. Kila usiku nimemwomba Mungu. Lakini ukimrudisha huyo, huyu wangu anakwenda wapi?"

Sikujua. Kwa lugha ile, kinachofunikwa hakiendi mahali. Hakipo tu.

Mama aliweka mbuzi ya nazi chini, akafuta mikono kwenye kanga yake ya kiunoni. Mwanamke aliyelishikilia jina lile mbele ya baraza, mchungaji na kijiji kizima. Alimtazama mtoto muda mrefu.

"Luhiano," alimwita.

Mtoto akamgeukia, akacheka.

"Usiguse, Meleka," Mama alisema. "Huyu ameshaitika."

"Na kaka?"

"Mwandikie mstari wake mpya. Aandikwe Taunuku."

Kwetu maana yake ni aliyefika. Niliandika. Nikafuta nakala ya zamani, Mama akiwa ameshika ukingo wa meza. Alilia baada ya kwisha, kwa sauti, kama watu wanavyolia msibani, nami nililia naye, na Hina. Mvua ilikuwa imekatika na kijiji kizima kilitusikia.

19 Machi

Meli imemleta. Amekonda, ana ndevu. Alishikana mikono na watu wote gatini, mimi pia. "Meleka," nilijitaja. "Nimefurahi," alisema.

22 Machi

Mgao, pengine wa mwisho wa msimu, maana upepo umegeuka. Mjomba aliita Luhiano, Hina akachukua. Yule mtu alikuwa amesimama karibu na Mama anatazama boti, hakutikisika. Kisha Mjomba, sauti ikimsaliti, akaita Taunuku. Mama alimgusa kiwiko. Akaenda, akainua samaki wake kwa mkono wa kulia.

Mama alimpika kwa tui. Alikula kwenye mkeka wa Luhiano, taratibu, kama mgeni mwenye malezi mazuri, mpaka mifupa. Mama akachukua sahani, akaigusa ukingo kwa mazoea.

"Amekula," alisema, akaenda kuiosha.

Hina aliingia na mtoto, akaketi mbali kidogo, karibu na mlango. Amejipaka mafuta yale mumewe aliyokuwa akiyapenda. Yule mtu alimtazama mtoto na uso wake ukalainika, kama wa mtu yeyote mbele ya mtoto yeyote.

"Anaitwa nani?"

Hina aliinama kumfuta mtoto mdomo. Nikajibu mimi.

"Luhiano."

"Jina zuri," alisema, akamnyooshea kidole, na mtoto akakishika.